Mkiitwa mezani: mwongozo kamili wa kulinda dai lenu lisimezwe

Tarehe 18 Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani na dai moja tu, Mswada wa Fedha wa kuongeza ushuru utupwe, tarehe 25 wakaingia mpaka ndani ya Bunge, na tarehe 26 Rais Ruto akasimama mbele ya kamera akasema hatautia saini. Alafu angalia vile wiki zilizofuata zilienda: tarehe 5 Julai Rais akaongea na vijana kwenye X Space na akaunda jopo la kukagua deni la taifa, tarehe 9 likatangazwa kongamano la watu 150 la kuzungumzia shida za nchi, tarehe 11 baraza la mawaziri likafutwa karibu lote, tarehe 24 vigogo wanne wa chama cha upinzani cha ODM wakapendekezwa kuwa mawaziri, na katikati ya hayo yote mawaziri kadhaa waliofutwa wakarudishwa. Desemba ikifika sheria mpya ya ushuru ikatiwa saini ikiwa na baadhi ya yale mapendekezo yaliyotupwa Juni. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu vifo 60.

Risasi na utekaji nyara kila mtu aliona na lazima tuendelee kuvisema. Lakini kuna kazi nyingine ilifanywa kwa barua, kwa viti na kwa vikao, na hiyo ndio nataka tuiangalie hatua kwa hatua, manake hiyo haitumiwi na Ikulu peke yake. Inatumiwa na kaunti, na chuo kikuu, na mwajiri, hata na kanisa.

Huu mwongozo ni wenu nyinyi mlio na dai na mmeanza kusikika. Pengine ni wakazi ambao nyumba zao zimepigwa alama ya X, tawi la chama cha wafanyakazi, wanafunzi walioongezewa karo, wachuuzi waliofurushwa sokoni, au familia zilizopoteza mtu kwenye maandamano. Siku moja simu italia na sauti ya upole itasema mheshimiwa angependa kuwasikiliza. Sisemi msiende, mara nyingi lazima muende. Nasema muende mkiwa mmejipanga.

Hatua ya 1: Andikeni dai kabla simu haijalia

Hii ndio watu huruka, na ndio inaamua zingine zote.

Dai la 18 Juni lilikuwa linashikika. Ungeuliza mtoto wa darasa la nne kama limetimizwa na angekujibu, mswada umetiwa saini au haujatiwa. Baada ya tarehe 26 madai yakawa mengi na yote yalikuwa ya haki kabisa, ufisadi uishe, waliouawa wapate haki, waliotekwa warudishwe, mawaziri waende, Rais mwenyewe aende, lakini hakukuwa na karatasi moja iliyokubaliwa inayosema lipi ni la kwanza na lipi linaweza kungoja, kwa hivyo serikali ikajichagulia lile rahisi kwake, ikafuta mawaziri. Kufuta waziri hakuumi serikali sana, kiti kinabaki palepale na kinapewa mtu mwingine, tena mtu ambaye mpaka jana alikuwa anawapigia kelele.

Kwa hivyo kaeni chini mkiwa wengi iwezekanavyo, mwandike ukurasa mmoja. Si kumi. Kila dai liwe na vitu vinne: ofisi gani inatakiwa kufanya, ifanye nini hasa, kiasi gani, na kabla ya tarehe gani. "Tunataka huduma bora hospitalini" hilo mtajibiwa kesho asubuhi kwamba linashughulikiwa. "Kaunti itengeneze eksirei ya hospitali yetu na ianze kupiga picha wagonjwa kabla ya 30 Septemba" hilo hata mama anayeuza mboga nje ya geti ataweza kuwaambia kama limefanyika, si anaona wagonjwa wakitumwa prayveti kila siku.

Mkimaliza, ligaweni karatasi mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ambayo bila hayo hamsaini chochote. La pili ni yale mnaweza kuvumilia mpaka mwaka ujao. La tatu ni yale ambayo hamyajadili kabisa, na hili la tatu ndio naomba mlikazie sana. Mfano ni familia za waliouawa. Fidia ni haki yao, wanahitaji, wengine waliowapoteza ndio walikuwa wanalisha nyumba, lakini fidia isije badala ya kesi ya jinai dhidi ya aliyepiga risasi. Muandike hivyo waziwazi kwenye karatasi kabla ofa haijakuja, kwa sababu ofa ya pesa huja haraka kuliko upelelezi, na ikija wakati mama hana kodi ya nyumba ni vigumu sana kuanza kujadiliana kanuni siku hiyo.

Alafu karatasi itoke nje. Ipigwe picha, itumwe kwa magrupu yote ya watsap, isomwe kwa baraza, ibandikwe sokoni. Dai lililosomwa na watu elfu mbili halibadilishwi na watu watano ndani ya hoteli.

Hatua ya 2: Someni mwaliko polepole

Mialiko haifanani na kila mmoja una hatari yake.

Kuna tume, au jopo, au kamati maalum. Hii Kenya tunaijua kuliko mtu yeyote. Tume ya Akiwumi ilichunguza mapigano ya kikabila ya miaka ya 90, ripoti ikakaa ndani mpaka 2002 ndio ikatolewa. Tume ya Ndung'u ilimaliza kazi ya ardhi iliyonyakuliwa mwaka 2004, ikaandika kila kitu, na sehemu kubwa ya ile ardhi bado iko kwa walioichukua. Tume ya ukweli, haki na maridhiano, TJRC, ilikabidhi ripoti yake Mei 2013 na wahanga walioeleza mbele yake mambo ambayo mtu hapendi kuyasema mara mbili bado wanangoja. Sijasema hizi kazi zilikuwa bure, kumbukumbu zipo na siku moja zitatumika. Lakini mtu akikupa tume wakati umeomba hatua, amekupa kungoja.

Ukipewa hadidu za rejea za tume, yaani karatasi inayoeleza kazi yake, tafuta mambo haya: ripoti inapelekwa kwa nani, itachapishwa lini, ni nani analazimika kutekeleza, na je kuna ofisi ambayo tayari ina nguvu ya kisheria ya kufanya hiyo kazi? Hili la mwisho ndio zuri kabisa. Lile jopo la Julai 2024 la kukagua deni liliweka jina la rais wa chama cha mawakili wa wakati huo, Faith Odhiambo, kama naibu mwenyekiti, na akakataa hadharani akisema kukagua deni ni kazi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kwa mujibu wa Katiba. Ona vile hilo jibu limekaa. Hakutukana mtu, hakusema hataki mazungumzo, alielekeza kwa ofisi ambayo ipo na inalipwa. Mkiletewa jopo ulizeni ni kwa nini ile ofisi yenye kazi yake isipewe pesa na watu ifanye, na muulize kwa maandishi.

Pia tume inaweza kufanya kazi nzuri alafu ikachukuliwa nusu. Majirani zetu Tanzania wanaijua ya Jaji Nyalali, iliyoundwa 1991 wakati presha ya vyama vingi imepanda. Iliposikiliza wananchi, asilimia kama 80 walitaka chama kimoja kibaki, na bado ikapendekeza vyama vingi, jambo la ujasiri. Ikataja pia sheria kama 40 za ukandamizaji zifutwe au zirekebishwe. Vyama vingi vikaja 1992, sheria nyingi kati ya zile zikabaki. Upinzani ukaruhusiwa kuzaliwa huku mikono imefungwa. Kwa hivyo kwenye karatasi yenu semeni mapema ni mambo gani yanaenda pamoja, kwamba la kwanza bila la pili hamtaliita mafanikio.

Kuna mwaliko wa kongamano kubwa, watu mia na kitu, kila mmoja dakika tatu. Hapo mtasikika na hamtaamua chochote, tumeni mtu asome ile karatasi na arudi nyumbani.

Kuna kikao cha "ushirikishwaji wa umma". Katiba ya 2010 inataka, na mahakama zimeshatupa sheria kwa kukosa, kwa hivyo nendeni, mjaze ukumbi, lakini pelekeni maoni kwa maandishi na mpate muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yenu. Maoni ya mdomo hupotea.

Na kuna mwaliko wa mtu mmoja. "Wewe ndio tunaona una akili, njoo tuongee pembeni." Huu tunaujadili hapo chini.

Hatua ya 3: Amueni wenyewe nani anaenda

Nataka nikae hapa kidogo na mwaka 1997 kwa sababu kila kitu kimo.

Mwaka huo baraza la NCEC, wanaharakati, mawakili, watu wa dini na wanasiasa wa upinzani, walisimama na neno moja: bila mageuzi ya katiba hakuna uchaguzi. Saba Saba polisi waliwafuata watu mpaka ndani ya kanisa la All Saints Nairobi, watu wakauawa siku hiyo mjini na kwingineko, na badala ya kupoa moto ukazidi. Rais Moi hakukaa na NCEC. Akaruhusu mazungumzo yafanyike na wabunge, yakaitwa IPPG, kundi la wabunge wa vyama vyote, kwa hoja kwamba hao ndio wamechaguliwa. Hoja inasikika vizuri. Lakini wabunge walikuwa na uchaguzi miezi michache mbele na kila mmoja anataka kurudi, wale ambao hawakuwa na kiti cha kupoteza wakaachwa nje. Septemba mpango ukapatikana: upinzani ukapewa nafasi ya kupendekeza makamishna 10 wa tume ya uchaguzi, sheria kadhaa za kikoloni zikalegezwa, mapitio ya katiba yakaahidiwa baada ya uchaguzi. Barabara zikatulia. Desemba Moi akashinda kwa asilimia kama 40 dhidi ya upinzani uliogawanyika. Katiba mpya ilikuja Agosti 2010.

Mimi siwaiti waliokaa IPPG wasaliti. Wale makamishna walikuwepo 2002 chama cha Moi, KANU, kiliposhindwa, hiyo si kitu kidogo. Lakini miaka 13 ni mingi, na ilianzia pale upande mwingine ulipochagua nani wa kuongea naye. Akishakuchagulia mjumbe, amekuchagulia na jibu.

Basi fanyeni hivi. Ujumbe uwe watu watatu au zaidi, kamwe asiende mmoja, na asiwe yule anayejulikana zaidi peke yake. Mmoja awe aliyeguswa moja kwa moja na shida, mwenye nyumba iliyopigwa X, mzazi wa marehemu, manake huyo ni vigumu kumwambia mambo magumu yachukuliwe polepole. Wapeni barua ya kutumwa, mistari michache tu: hawa wametumwa na sisi, wanaweza kusikiliza na kupeleka karatasi, hawawezi kusaini kabla ya kurudi kwetu. Hiyo barua inawalinda wao sana, mjumbe akibanwa saa tano usiku asaini anaitoa na kusema sina ruhusa. Mkutano ukirudiwa, badilisheni mmoja kila mara.

Wale wa 2024 walisema hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila, na ilifanya kazi maajabu kwenye barabara kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuita Ikulu. Shida ilikuja baadaye, mahali hakuna aliyetumwa mtu yeyote anaweza kusimama akasema ametumwa. Huwezi kuacha hicho kiti wazi. Hamhitaji mwenyekiti wa maisha, mnahitaji watu waliotumwa kwa kazi moja na wakarudi.

Sasa ule mwaliko wa pembeni. Kabla ya kuanza, kila mtu wa mbele aseme mbele ya wenzake, na iandikwe, kwamba hatapokea uteuzi wala kandarasi kutoka kwa taasisi tunayoidai mpaka muda fulani upite, mwaka mmoja au miwili. Akialikwa faragha anaambia grupu siku hiyohiyo. Sio kwa sababu tunamshuku. Mwaka 2003 muungano wa NARC ulioishinda KANU ulipoingia serikalini uliwabeba watu wengi wazuri sana kutoka kwa mashirika ya haki, watu waliopigwa na kufungwa wakipigania mageuzi, na waliingia wakiamini watabadilisha mambo kutoka ndani. John Githongo akapewa kazi ya kupambana na ufisadi ndani ya Ikulu yenyewe, akafuata kashfa ya kandarasi za Anglo Leasing, na 2005 akajiuzulu akiwa London. Yeye mwenyewe alisimama imara. Lakini huku nje ofisi zilizokuwa zinapiga kelele zilibaki na watu wachache, waliojua faili, waliojua waandishi, waliojua jinsi ya kujaza Uhuru Park, wote walikuwa upande wa pili wa meza. Cheo kinanyamazisha hata mtu ambaye hakununuliwa, kwa sababu kinamtoa mahali alipokuwa anahitajika.

Hatua ya 4: Chai, nauli na ile fomu

Hapa naomba msome pole pole, mambo madogo ndio hukamata.

Ukiingia kwa mkutano kuna meza mlangoni, dada mpole, na fomu. Ina safu za jina, kitambulisho, simu, shirika, saini. Mara nyingi safu ya saini ni moja, na hiyo saini moja inatumika kwa nauli na kwa mahudhurio pamoja. Juu ya fomu kuna kichwa cha habari. Watu hawasomi hicho kichwa, wako kwa laini, mtu nyuma anasukuma. Kisomeni! Nimeona fomu zimeandikwa mahudhurio, na zimeambatishwa nyuma ya ripoti kama orodha ya wadau walioshirikishwa na kuunga mkono. Watu waliokuja kupinga wakawa ushahidi kwamba mradi umekubalika.

Kwa hivyo kama kichwa cha fomu kinasema chochote zaidi ya kuhudhuria, msisaini, au mwandike kando ya jina "nimehudhuria, siungi mkono" kwa kalamu ya wino, kisha piga picha ukurasa mzima. Kila mara piga picha. Kama wanakataza simu ndani, piga mlangoni.

Nauli na posho, amueni kabla. Kwangu mimi bora mchange nauli wenyewe, hata mia mia, na chai mnywe kwa kibanda nje. Najua kuna wenzetu ambao wakikosa siku moja ya kazi watoto hawali, na kuwaambia wasipokee kitu ni kuwaonea, basi hao grupu liwalipe kutoka kwa mchango, na kama hakuna mchango nauli ipokelewe na mtu mmoja kwa niaba ya wote, kiasi kitangazwe kwa grupu jioni hiyo. Ubaya wa posho ni usiri wake. Elfu mbili ya siri inavunja kundi kuliko laki moja iliyotangazwa.

Mkutano wa siku tatu Naivasha, na vyumba vimelipwa, msiende. Ombeni ufanyike kwenye ukumbi wa chifu ama shule, mahali watu wenu wanaweza kusimama dirishani.

Hatua ya 5: Ndani ya chumba, karatasi ndio kila kitu

Mwandishi wa kumbukumbu wao yupo. Nanyi muwe na wenu, mmoja kati ya waliotumwa, na kazi yake ni hiyo tu, asiongee. Aandike nani amesema nini, saa ngapi, na ahadi kwa maneno yaleyale. Kabla hamjaondoka someni kwa sauti: "Tumeelewa kwamba mkurugenzi ataleta barua Ijumaa tarehe fulani, ni sawa?" Akisita mmejua. Siku hiyohiyo jioni tumeni muhtasari wenu kwa barua pepe kwa kila aliyekuwepo na mseme kama kuna kosa turekebishane ndani ya siku tatu. Ule muhtasari ukitangulia kufika ndio unakuwa kumbukumbu ya mkutano, ule wao ukija wiki ya tatu unakuta huu uko tayari.

Tangazo la pamoja likiandaliwa, angalieni vitenzi. "Itazingatia", "itaangalia uwezekano", "inaendelea kushughulikia", haya hayana tarehe na hayawezi kushindwa. Takeni "italipa", "itafuta", "itarudisha", na jina la ofisi mbele na tarehe nyuma. Kama hawawezi kuandika tarehe basi hakuna tangazo la pamoja, kila upande utoe lake. Picha ya kushikana mikono pia ni tangazo. Msikubali picha kabla ya karatasi, manake kesho gazeti litakuwa na picha tu, na watu wenu nyumbani wataona mmeshamaliza.

Zanzibar walilipia hili kwa damu. Mwafaka wa kwanza wa chama tawala CCM na chama cha upinzani CUF ulisainiwa 1999, Jumuiya ya Madola ikiwa msuluhishi, na haukutekelezwa ilivyotakiwa mpaka uchaguzi wa 2000 ukafika na kuvurugika, na Januari 2001 waandamanaji wakauawa kwa risasi Unguja na Pemba, wengine wakakimbilia Shimoni huku kwetu. Ukaja mwafaka wa pili Oktoba 2001. Mpaka 2010 ndio ikawa tofauti kidogo, watu wakapiga kura ya maoni tarehe 31 Julai, zaidi ya asilimia 66 wakasema ndiyo, na serikali ya umoja ikaandikwa kwenye Katiba ya Zanzibar. Hata hiyo haikuzuia uchaguzi wa 2015 kufutwa. Lakini kilichoandikwa kwenye sheria kiliendelea kuwepo, kile kilichobaki ahadi za vyama viwili kilikufa vilipokosana. Kwa hivyo swali lenu la mwisho kabla ya kusaini kitu chochote: hili litaandikwa wapi, kwenye bajeti, sheria, kanuni, agizo la mahakama? Kama jibu ni "tumeaminiana", rudini nyumbani.

Hatua ya 6: Msizime presha kwa ahadi

Upande mwingine utaomba mtulie "ili kutoa nafasi kwa mazungumzo". Ombi si baya, ila lipimwe. Sitisheni kitu kimoja kwa kila kitu kimoja kilichotekelezwa, si kilichoahidiwa. Wametoa barua ya kusimamisha ubomozi? Sawa, tunaahirisha maandamano ya Jumanne, mkutano wa Jumamosi uko palepale.

Madaktari wa Kenya waligoma siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, viongozi wao wakafungwa jela, mkataba ukapatikana. Mwaka 2024 wakagoma tena siku 56, sehemu kubwa ikiwa ni kudai yaleyale ya mkataba wa 2017. Serikali ilitaka kuwalipa madaktari wanagenzi 70,000 kwa mwezi wakati mkataba ulikuwa unasema zaidi ya 200,000. Tarehe 8 Mei fomula ya kurudi kazini ikasainiwa na suala la wanagenzi likaachwa lizungumzwe baadaye, na wanagenzi ndio walikuwa wachanga zaidi, wasio na nguvu, na wakabaki kulipigania miezi mingine mingi. Mkiona makubaliano yanatatua shida za wakubwa wa kundi na ya wadogo yanaahirishwa, hapo ndio kundi linapasuka. Sainini pamoja ama msisaini.

Hatua ya 7: Kufuatilia, kazi isiyo na kamera

Maandamano yana mamia, ufuatiliaji una watu wanne na daftari. Wachagueni siku ileile ya makubaliano.

Siku baada ya tarehe ya ahadi kupita, peleka ombi la habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ni barua ya kawaida, haihitaji wakili. Andika: naomba nakala ya hati fulani, naomba kujua kiasi kilichotumika, tarehe, jina na sahihi. Ofisi ina siku 21 kujibu, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu ni masaa 48. Wakinyamaza unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman. Weka kila muhuri, kila barua, kwa faili moja na kopi kwa simu za watu watatu.

Jueni kalenda ya pesa pia. Mswada wa Fedha hutakiwa kufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai, kwa hivyo kila mtu hukesha mwezi wa sita. Ile sheria ya ushuru ya 2024 ilitiwa saini 11 Desemba, wakati watu wako kwa matayarisho ya Krismasi. Mpe mtu mmoja kazi ya kusoma miswada mwezi wa kumi na moja.

Hatua ya 8: Mwenzenu akiingia, na nyinyi mkitaka kutoka

Atatokea mmoja atachukua kazi licha ya ahadi. Msipoteze mwezi mkimtukana, kila siku mnayomjadili ni siku ambayo dai halijadiliwi. Toeni tangazo la sentensi mbili kwamba yeye hatuwakilishi sisi tena, jina jipya ni hili, kisha mpelekeeni ile karatasi ofisini kwake kama mtu mwingine yeyote mwenye ofisi. Mtoeni kwa magrupu ya mipango siku hiyo. Salamu msimnyime.

Na kama mko ndani ya kamati tayari na mnaona hakuna kitu kinasonga, wekeni vipimo vya kutoka: mikutano mitatu bila uamuzi, tarehe mbili zilizopita bila maelezo, au ripoti kuandikwa bila maoni yenu. Kimoja kikitimia mnatoka wote kwa pamoja, mtu akibaki nyuma wataandika kwamba kundi lenu bado linashiriki. Barua ya kutoka iwe na mambo manne: tarehe mlizohudhuria, mlichoahidiwa kila tarehe, kilichofanyika, na ombi kwamba majina yenu yaondolewe kwenye ripoti na viambatisho vyake vyote. Kopi moja kwa mwenyekiti wa kamati, nyingine kwa aliyeiunda, nyingine kwa karani wa Bunge au wa bunge la kaunti kama ripoti itapelekwa huko, na nyingine mbandike palepale mlipobandika lile dai, wenye dai wasome kwanza kabla ya magazeti.